Asidi, Ndimu na Unga wa Muhogo: Kufundisha Kasi na Mwendo wa Mimenyuko ya Kabonili

Madhumuni ya makala haya ni kumsaidia mwalimu wa kemia wa kidato cha tano na cha sita, pamoja na mwanachuo anayejiandaa kuwa mwalimu huyo, kufundisha mada mbili ambazo aghalabu hufundishwa kana kwamba hazijuani. Mada ya kwanza ni kasi ya mmenyuko. Ya pili ni kampaundi zenye kundi la kabonili. Ile ya kwanza hufundishwa kwa grafu na hesabu. Ya pili hufundishwa kwa orodha ndefu ya mimenyuko, ambayo mwanafunzi huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau siku ya pili yake. Nakusudia kuonyesha kwamba ya kwanza ndiyo ufunguo wa ya pili, na kwamba mwalimu asiyeliona jambo hilo aweza kutoa darasani jibu la hatari. Nasema hivyo kwa sababu jibu la namna hiyo lilitolewa mbele ya macho yangu, nami nikalipa alama nzuri.

Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Nilikaa nyuma ya darasa na fomu yangu ya tathmini, na mwanachuo wetu alikuwa akifundisha jinsi haidrojeni sianidi inavyojiunga na propanoni. Michoro yake ilikuwa safi. Alieleza kwamba katika kundi la kabonili oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko kaboni, hivyo kaboni hubaki na upungufu, na kitu chochote chenye jozi ya elektroni za ziada huielekea. Akaongeza kwamba asidi huharakisha mmenyuko, kwa kuwa protoni hukaa juu ya oksijeni na kuizidishia kaboni upungufu wake. Halafu, kwa kufuata shauri tunalowapa sisi wenyewe chuoni, alihusisha somo na maisha: akataja kwamba sumu ya muhogo mchungu hutokana na kampaundi ya aina hiyohiyo.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele alinyosha mkono. "Mwalimu, basi tukitia ndimu katika unga wa muhogo, sumu itatoka upesi zaidi?"

Mwanachuo alifikiri kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, itasaidia."

Katika fomu niliandika: "Anahusisha vema somo na mazingira." Kengele ikalia, tukatoka. Nilikuwa ndani ya basi, nusu ya njia ya kurudi chuoni, swali la yule msichana liliponirudia na nikatambua kwamba jibu sahihi ni kinyume kabisa cha lile alilopewa.

Kilichomo ndani ya muhogo

Muhogo hautunzi sianidi ikiwa huru. Huiweka katika kampaundi iitwayo linamarini, pamoja na kiasi kidogo cha ndugu yake, lotaustralini. Linamarini ni glukosi iliyofungamana na sianohidrini ya propanoni. Yaani ni ileile kampaundi ambayo mwanachuo wetu alikuwa akiichora ubaoni, ikiwa imefungiwa sukari. Katika mmea huohuo kimo kimeng'enya kiitwacho linamarasi, lakini mmea umekiweka mbali: linamarini imo ndani ya seli, na kimeng'enya kimo hasa katika kuta za seli. Mzizi ukikwaruzwa, ukipondwa au ukitafunwa na panya, viwili hivyo hukutana, na hapo zinaanza hatua tatu.

Hatua ya kwanza: linamarini + maji → glukosi + (CH₃)₂C(OH)CN
Hatua ya pili: (CH₃)₂C(OH)CN → (CH₃)₂CO + HCN
Hatua ya tatu: HCN iliyomo majini → HCN gesi

Hatua ya kwanza ni kazi ya kimeng'enya. Hatua ya pili ni kemia ya kabonili tupu. Majani ya muhogo yana kimeng'enya kingine cha kuiharakisha, lakini katika mizizi kimeng'enya hicho ni haba sana, kwa hiyo sianohidrini huachwa ivunjike yenyewe kwa kadiri mazingira yanavyoiruhusu. Hatua ya tatu ni ya fizikia: haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, joto ambalo kwa mkazi wa pwani ni la asubuhi tu.

Mwalimu akiandika hatua hizi tatu ubaoni, asikimbilie mbele. Na aulize swali moja: ni hatua ipi iliyo pole kuliko zote? Wanafunzi watataka jibu moja, nalo halipo. Makopa yanayokatwa vipande vikubwa na kuanikwa mara moja juani hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Seli nyingi hazijapasuka na maji yameondoka, hivyo hatua ya kwanza hukwama na linamarini hubaki ndani ya unga. Muhogo uliovundikwa siku kadhaa, kama ule wa kivunde, huwa umelainika na hatua ya kwanza imepita. Lakini uchachu umeteremsha pH, na kama tutakavyoona, hatua ya pili ndiyo inayochelewa. Unga uliorowanishwa na kurundikwa ndani ya chombo chenye kifuniko waweza kuzivuka hatua mbili za mwanzo na kukwama katika ya tatu, kwa sababu gesi haina pa kutokea. Chakula ni kilekile, sumu ni ileile, lakini hatua inayoamua kasi hubadilika kwa mujibu wa namna mama alivyofanya kazi yake. Sijapata kuona mfano wa kitabuni unaolieleza wazo hili vizuri kuliko huu.

Wala si mfano wa kuchezea. Maradhi ya konzo, ambayo hupoozesha miguu ghafla na kwa kudumu, huwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, mahali ambapo watu hula muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha, kwa majuma mengi, bila ya chakula chenye protini ya kutosha. Mwili huiondolea sianidi ukali kwa kutumia salfa itokayo katika protini. Salfa ikikosekana, kinga hiyo hupungua. Katika jimbo la Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, walioathirika walizidi 1,000. Hapa Tanzania maradhi haya yalichunguzwa katika wilaya ya Tarime baada ya mlipuko wa mwaka 1985, na yalitokea tena Mtwara mwaka 2002 na 2003. Mara nyingi chanzo huwa ukame au shida nyingine inayowafanya watu wafupishe siku za kuvundika. Kwa hiyo swali la kasi ya mmenyuko, kwa watu hao, ni swali la siku ngapi wanaweza kungoja.

Alichokiona Lapworth

Mwaka 1903 Arthur Lapworth, mkemia aliyekuwa akiongoza idara ya kemia katika Taasisi ya Goldsmiths mjini London, alitangaza uchunguzi wake juu ya kujiunga kwa haidrojeni sianidi na kabonili. Alitumia, miongoni mwa vitu vingine, kamfakwinoni, ambayo ni kabonili yenye rangi ya manjano. Sianohidrini yake haina rangi, hivyo mtu aliweza kufuata mwendo wa mmenyuko kwa jicho tupu kwa kutazama manjano ikififia. Mchanganyiko ulioachwa peke yake ulichukua muda wa saa nyingi. Ulipotiwa besi kidogo, rangi ilitoweka upesi mno. Ulipotiwa asidi, rangi ilikaa pale pale.

Naomba mwalimu mwenzangu atue hapa na awaache wanafunzi washangae. Mlinganyo unaonyesha HCN ikijiunga na kabonili. Hauna besi ndani yake. Basi besi inafanya nini?

Lapworth alijibu kwamba kinachoishambulia kaboni ya kabonili ni ioni ya sianidi, CN⁻, wala si molekuli nzima ya HCN. HCN ni asidi dhaifu sana; pKa yake ni 9.2 hivi. Mwanafunzi anayejua kutumia logarithimu aweza kuhesabu mwenyewe kwamba kwenye pH 7, katika kila molekuli 1,000 za HCN ni kama 6 tu zilizogawanyika kuwa ioni. Kwenye pH 4 ni kama 6 katika 1,000,000. Kwa hiyo kasi huandikwa hivi:

Kasi = k [kabonili] [CN⁻]

Sasa kosa la mwanachuo wetu laonekana waziwazi. Aliposema kwamba protoni huizidishia kaboni upungufu wa elektroni, alisema kweli. Lakini asidi hiyohiyo humnyang'anya mshambuliaji silaha yake, kwa kuigeuza CN⁻ kuwa HCN. Ni kama mtu anayemfungulia mgeni mlango wa mbele huku amekwisha kumfungia njiani. Katika mizani ya mambo hayo mawili, hasara ni kubwa kuliko faida, na jambo hilo halionekani katika mlinganyo wala katika mishale. Kasi peke yake, iliyopimwa, ndiyo inayotoa ushahidi.

Muhogo, hata hivyo, unatuhusu kwa upande wa kurudi: sianohidrini inavunjika, haijengwi. Hapa pana kanuni ambayo vitabu huitaja kwa haraka, nayo yastahili kipindi kizima. Mmenyuko unaoweza kwenda na kurudi, katika hali zilezile, hurudi kwa njia ileile uliyokwenda nayo, kama mtu apandaye na kushuka mlima kwa kupitia pengo lile lile lililo chini kuliko mengine. Ikiwa wa kwenda unapitia CN⁻ na oksijeni yenye chaji hasi, wa kurudi nao hauna budi kupitia hapohapo. Besi huiondoa protoni ya kundi la OH. Oksijeni iliyobaki na elektroni za ziada huzishusha kuelekea kaboni na kujenga upya kifungo maradufu. Ioni ya sianidi huondoka na jozi yake ya elektroni. Katika eneo la pH linalotuhusu tunaweza kuandika:

Kasi = k [sianohidrini] [OH⁻]

Ni mlinganyo mfupi, lakini jibu la msichana wa mstari wa mbele limo ndani yake. pH ikishuka kwa kipimo kimoja, OH⁻ hupungua mara kumi, na kasi nayo hupungua mara kumi. Ndimu ina pH iliyo kati ya 2 na 3. Aitiaye katika unga huihifadhi sianohidrini badala ya kuiondoa.

Hesabu ya darasani

Katika pH isiyobadilika, [OH⁻] haibadiliki, hivyo mmenyuko huwa wa daraja la kwanza na nusu-maisha yake haitegemei kiasi kilichokuwapo mwanzoni. Mimi huwapa wanachuo zoezi lifuatalo, nikiwaambia mapema kwamba nusu-maisha niliyoitaja ni ya zoezi tu, si kipimo cha maabara.

Unga una sianohidrini inayoweza kutoa miligramu 80 za HCN kwa kila kilo. Kiwango cha juu kilichowekwa na FAO na WHO kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Tuseme nusu-maisha kwenye pH 6 ni dakika 30. Itachukua muda gani kufika kwenye kiwango hicho?

Kutoka 80 hadi 40, hadi 20, hadi 10, ni nusu-maisha tatu, yaani saa moja na nusu. Mwanafunzi hufurahi kwa kuwa hakuhitaji hata kalamu. Hapo mwambie: sasa pH ni 5. Nusu-maisha inakuwa dakika 300, na muda wote ni saa 15. Kwenye pH 4 muda ni saa 150, zaidi ya siku sita. Nimeona wanachuo wakinyamaza wanapofika kwenye mstari huo wa mwisho, na ukimya huo nauthamini kuliko maksi.

Jaribio lisilo na sumu

Hapana haja ya kusema kwamba sianidi haina mahali katika maabara ya shule, wala mwalimu asijaribu kuitoa katika muhogo ili aonyeshe. Lakini somo la kasi bila ya jaribio ni hadithi tu. Kwa bahati njema, propanoni hiyohiyo ina mmenyuko mwingine unaofaa, nao unatueleza pia ni wapi ilikotoka ile kanuni ya kwamba "asidi huharakisha."

Chukua sentimeta za ujazo 10 za propanoni ya ukolezi wa moli 2 kwa lita, na 10 za asidi ya haidrokloriki ya ukolezi huohuo. Ongeza 10 za mmumunyo wa iodini wa moli 0.005 kwa lita, uliotengenezwa kwa kutumia potasiamu iodidi, na uanze kuhesabu muda papo hapo. Weka karatasi nyeupe nyuma ya chupa. Kwenye nyuzi 25 manjano itatoweka baada ya dakika mbili na ushei; katika maabara yenye joto la kwetu ni mapema zaidi. Rudia jaribio kwa kupunguza kitu kimoja tu kila mara, ukijaza pengo kwa maji ili ujazo wote ubaki 30. Mwalimu akumbuke kwamba propanoni hushika moto kwa urahisi, na kwamba zao la mmenyuko huu huwasha macho. Madirisha yawe wazi, na michanganyiko imwagwe mara inapokwisha kutumika.

Propanoni ikipunguzwa nusu, muda huongezeka maradufu. Asidi ikipunguzwa nusu, muda huongezeka maradufu vilevile. Iodini ikipunguzwa nusu, muda nao hupungua nusu. Hapa ndipo darasa zima huanguka. Wanafunzi husema kwamba mmenyuko umekwenda kwa kasi zaidi. La hasha. Iodini iliyotakiwa kutumika ilikuwa nusu, nayo imetumika katika nusu ya muda. Kasi ni ileile. Ni sawa na kumwaga ndoo na nusu-ndoo ya maji kupitia bomba linalotoa maji kwa kipimo kimoja. Nimewahi kuona daftari ambamo namba zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya ili iodini ionekane inaongeza kasi, kwa kuwa mwenye daftari aliiona ndani ya mlinganyo na hakuweza kuamini kwamba haina sauti. Mwalimu akikuta namba zilizofutwa, asianze kwa kukaripia. Na aulize mwanafunzi alitarajia nini.

Iodini haina sauti kwa sababu inafika baada ya mambo kwisha kuamuliwa. Kwanza asidi huweka protoni juu ya oksijeni ya propanoni. Halafu kundi la CH₃ hupoteza protoni yake moja polepole, na propanoni hugeuka kuwa enoli. Iodini huidaka enoli mara inapotokea. Lapworth huyohuyo alilieleza jambo hili mwaka 1904, akitumia bromini. Hatua ya polepole hapa yahitaji asidi na haihitaji ioni yoyote ambayo asidi ingeweza kuipokonya, ndiyo maana asidi inaharakisha. Basi propanoni ni moja na asidi ni moja, lakini katika mmenyuko mmoja asidi husukuma na katika mwingine huzuia. Kwa hiyo swali "je, asidi huharakisha mimenyuko ya kabonili?" halina jibu, wala lisiwekwe katika mtihani kwa umbo hilo. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuliweka.

Kurudi darasani

Jumatatu iliyofuata nilimwendea yule mwanachuo kabla ya kipindi chake, nikamwambia kwamba jibu lilikuwa na kosa na kwamba kosa hilo ni letu sote wawili, kwa kuwa alilitamka na mimi nikalitia sahihi. Alikaa kimya, kisha akauliza kama atapunguziwa alama. Nilimjibu kwamba kinachonishughulisha ni unga ulioko nyumbani kwa wale wanafunzi. Aliingia darasani, akafuta ubao, akaandika mlinganyo wa kasi wenye OH⁻, akamtaka yule msichana ahesabu mwenyewe kitakachotokea pH ikishuka kutoka 6 hadi 4. Alipopata mara 100, mwanachuo alisema wazi kwamba juma lililopita aliwaambia isivyo.

Msichana hakuketi. "Mwalimu, kama ndimu inazuia, basi tutie magadi?"

Mwanachuo akanitazama. Hili nalo ni swali la kemia hasa, na safari hii tulilijibu pamoja, hatua kwa hatua. Magadi hupandisha pH, hivyo hatua ya pili itakwenda mbio kweli. Lakini hatua ya tatu? pH ikizidi 9.2, zaidi ya nusu ya sianidi huwa ni CN⁻, ambayo haigeuki kuwa gesi; hubaki ndani ya unga na kuingia katika ugali, na asidi ya tumboni huirudisha kuwa HCN. Na hatua ya kwanza? Linamarasi hufanya kazi vizuri zaidi karibu na pH 6, hivyo penye magadi mengi kimeng'enya hudhoofika. Tunapata katika hatua moja na kupoteza katika mbili.

Kinachotakiwa ni maji matupu. Njia iliyoandaliwa na J. Howard Bradbury wa Australia, ambayo imetumiwa vijijini kusini mwa Tanzania na huko Bandundu, Kongo, ni hii: unga wa muhogo huchanganywa na maji mpaka urowane, husambazwa juu ya mkeka au sinia ukiwa tabaka jembamba, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha husongwa ugali siku hiyohiyo. Maji humwamsha kimeng'enya aliyelala katika unga mkavu, pH hubaki karibu na mahali panapofaa, na wembamba wa tabaka huipa gesi njia ya kutokea. Msichana aliuliza wembamba huo ni kiasi gani. Mwanachuo aliweka kidole chake cha shahada juu ya meza, akiwa amekilaza, akasema usizidi unene wa hicho.